MZEE STAGG WA CHICAGO: KOCHA ALIYEKATAA KUPUMZIKA



Mhariri aliponiomba niandike makala ya historia kwa ajili ya toleo hili, nadhani alitazamia niandike juu ya shule yetu: nani alikuwa kiranja mkuu mwaka gani, na bweni lipi lilichukua kikombe mara nyingi zaidi. Hayo wapo wanaoyajua kuliko mimi. Nimeamua kwenda mbali kidogo, mpaka Marekani, nieleze maisha ya mwalimu mmoja wa michezo aliyezaliwa mwaka 1862 na kufariki mwaka 1965. Kwa nini nimemchagua yeye, msomaji ataona mwishoni. Naomba anivumilie.

JINSI NILIVYOKUTANA NA JINA LAKE

Nilikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu, nikitafuta habari za asili ya mpira wa kikapu, kwa sababu tulikuwa tukibishana bwenini. Wengi wetu tunajua kwamba mchezo huo ulibuniwa na Dakta James Naismith mjini Springfield, Marekani, mwezi Desemba 1891, kwa kutumia vikapu vya kuwekea matunda. Jambo nililokuwa silijui ni kwamba mchezo wa kwanza mbele ya watazamaji ulifanyika tarehe 11 Machi 1892, kati ya walimu na wanafunzi wa chuo hicho. Wanafunzi walishinda kwa magoli 5 kwa 1. Goli hilo moja la walimu lilifungwa na kijana aliyeitwa Amos Alonzo Stagg.

Nilicheka, maana nilikumbuka mechi zetu za walimu na wanafunzi siku ya kufunga shule. Lakini nilipofuatilia jina hilo niligundua kwamba Stagg hakuwa mtu wa mpira wa kikapu hasa. Kwao Marekani anahesabiwa miongoni mwa wazee walioujenga mchezo wao wa kandanda, ule wa kubeba mpira mikononi.

Kwa faida ya wasioujua, niueleze kwa ufupi. Mpira wenyewe si wa duara bali umechongoka ncha mbili. Kila upande una wachezaji 11. Kazi yao ni kuusogeza mpira mbele yadi kwa yadi, kwa kukimbia nao au kuurusha, mpaka kuvuka mstari wa mwisho wa adui, na adui anaruhusiwa kumkumba na kumwangusha mwenye mpira. Ni mchezo wa nguvu na wa hesabu kwa pamoja, na ulilelewa katika vyuo vikuu kabla ya kuwa biashara kubwa.

MTOTO WA MSHONA VIATU

Stagg alizaliwa tarehe 16 Agosti 1862 huko West Orange, katika jimbo la New Jersey. Baba yake alikuwa mshona viatu, na nyumbani kwao hali ilikuwa ya dhiki. Alichelewa kupata elimu ya juu kwa kukosa uwezo, na alipofika Chuo Kikuu cha Yale aliishi katika chumba kisicho na moto wakati wa baridi, akijinyima chakula ili ada itoshe. Nia yake ilikuwa kuwa mchungaji wa kanisa.

Hapo Yale alisifika kwanza kwa mchezo wa besiboli. Timu za kulipwa zilimtaka, naye akakataa fedha zao, jambo ambalo kwa mtoto wa fukara si dogo. Mwaka 1889 alichaguliwa katika timu ya kwanza kabisa ya wachezaji bora wa kandanda wa vyuo vya Marekani. Inasimuliwa pia kwamba katika siku hizo aliviringisha godoro na kulining'iniza, wenzake wakajifunze kulikumba badala ya kuumizana wao kwa wao. Vifaa vya namna hiyo vinatumika hadi leo.

Uchungaji aliuacha. Aliona hana kipaji cha kuhubiri mimbarini, akasema moyoni kwamba kama hawezi kuwafundisha vijana wema kwa maneno, atawafundisha uwanjani. Ndivyo alivyokwenda Springfield mwaka 1890, ambako Naismith mwenyewe alikuwa mchezaji katika timu yake.

CHUO KIPYA, KAZI MPYA

Mwaka 1892 Chuo Kikuu cha Chicago kilifungua milango yake. Mkuu wake wa kwanza, Dakta William Rainey Harper, alikuwa amemfundisha Stagg huko Yale. Alimwita, akampa mshahara wa dola 2,500 kwa mwaka, cheo cha ualimu wa chuo kikuu, na ajira ya kudumu. Siku hizo makocha wengi walikuwa watu wa kuokotwa: mchezaji wa zamani anaitwa wiki chache za msimu, analipwa, anakwenda zake. Harper aliiweka michezo kuwa idara kamili, na mkuu wake akaketi pamoja na maprofesa wengine.

Msimu wa kwanza wachezaji walikuwa wachache mno hata kocha mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 30, akalazimika kuvaa jezi na kuingia uwanjani. Mwaka 1894 alimwoa Stella Robertson, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo hicho. Mama huyu hakuwa mke wa kukaa nyumbani kungoja matokeo. Alikwenda viwanjani, akaandika michezo ya wapinzani kwenye karatasi zake, na mumewe akazitumia. Kazi hiyo waliifanya pamoja mpaka uzeeni.

Stagg hakuvuta sigara, hakunywa pombe, na hakutukana. Wachezaji wake walisimulia kwamba neno lake kali kuliko yote lilikuwa "punda". Aliyekosea zaidi aliitwa punda mara mbili. Vijana mnaonisoma, pimeni wenyewe kama hiyo ni lugha ya upole au ya ukali. Yategemea, nadhani, sauti ya msemaji.

USHINDI WA MWAKA 1905 NA BEI YAKE

Tarehe 30 Novemba 1905 Chicago ilipambana na Michigan. Timu ya Michigan, chini ya kocha Fielding Yost, ilikuwa imecheza mechi 56 bila kushindwa tangu mwaka 1901. Watu wapatao 27,000 walifika uwanjani. Nyota wa Chicago alikuwa kijana mdogo wa umbo, Walter Eckersall, hodari wa kupiga mpira kwa mguu.

Mchezo ulikuwa mgumu na hakuna aliyepata kitu, mpaka kipindi cha pili mpira uliopigwa na Chicago ulipotua nyuma ya mstari wa Michigan. Mchezaji wao Denny Clark aliudaka akajaribu kutoka nao. Wachezaji wa Chicago walimkumba na kumrudisha nyuma ya mstari. Kwa sheria ya mchezo huo hilo ni pointi 2 kwa wapinzani. Mechi ikaisha 2 kwa 0, na Chicago wakawa mabingwa.

Vitabu vingi vya michezo vinaishia hapo, kwenye shangwe. Mimi naomba tuendelee kidogo. Kijana Clark alilaumiwa vibaya magazetini na na watu wake mwenyewe, akaondoka Michigan. Aliishi na kosa hilo moja maisha yake yote, na mwaka 1932 akajiua. Magazeti ya wakati ule yalieleza kwamba katika barua aliyoacha aliutaja mchezo ule. Miaka 27 ilikuwa imepita. Sisi tunaokaa pembeni ya uwanja na kumzomea mtoto wa watu aliyekosa penalti, tulikumbuke jina la Clark.

Eckersall naye alishangiliwa, lakini aliondoka chuoni bila kupata shahada. Mwezi huohuo wa Novemba 1905, jarida la Collier's lilichapisha makala zilizoeleza jinsi vyuo vya eneo lile, Chicago kikiwamo, vilivyokuwa vikiwabeba wachezaji ambao masomo yao yalikuwa hafifu. Basi yule Stagg asiyevuta wala kutukana alikuwa pia mtu aliyependa sana kushinda, na mapenzi hayo yalimfumba macho mara nyingine. Simwandiki hapa kama malaika. Malaika hawafundishi kandanda.

Msimu huo wa 1905 vijana wasiopungua 18 walikufa Marekani kutokana na mchezo huu. Rais Theodore Roosevelt alikuwa amewaita Ikulu wakuu wa michezo wa Harvard, Yale na Princeton mwezi Oktoba kuzungumzia ukatili uwanjani, na baada ya msimu vyuo kadhaa vilidai mchezo ufutwe. Mwaka 1906 kamati ya sheria, ambayo Stagg alikuwa mjumbe wake tangu 1904, ilibadili mambo makubwa. Iliruhusu mpira kurushwa mbele kwa mkono, na ikataka timu isogee yadi 10 badala ya 5 ili kuendelea kuushika mpira. Shabaha ilikuwa kuwatawanya wachezaji uwanjani, wasirundikane na kukanyagana. Makocha wengine walinung'unika. Stagg alikuwa miongoni mwa waliokwenda mara moja kubuni mbinu za kuutumia mpira huo wa kurushwa.

SIKU ALIYOKUBALI KUSHINDWA

Mechi ninayoipenda kuliko zote katika maisha yake ni moja aliyoshindwa. Tarehe 28 Oktoba 1922 Princeton walikuja Chicago, na mchezo ulitangazwa kwa redio mpaka New York, jambo geni wakati huo. Chicago waliongoza 18 kwa 7, kisha Princeton wakaja juu, wakawa 21 kwa 18. Dakika za mwisho Chicago walikuwa karibu kabisa na mstari. Wachezaji walikuwa wakijaribu kupenya katikati, na ukuta wa Princeton ulikuwa umesimama.

Inasimuliwa kwamba msaidizi wake alimsihi aingize mchezaji wa akiba ampelekee nahodha ujumbe: rusha mpira, usipenye. Siku zile kocha hakuruhusiwa kuelekeza mchezo kutoka nje, na kutuma ujumbe kwa njia ya mchezaji wa akiba ilikuwa hila ambayo kamati ya sheria ilikuwa imeikemea. Wengi waliifanya. Stagg, mjumbe wa kamati, alikataa. Vijana wake walipenya katikati mara ya mwisho, wakazuiwa, mchezo ukaisha.

ANAAMBIWA APUMZIKE

Mwaka 1929 chuo kilipata mkuu mpya, Robert Maynard Hutchins, mwenye umri wa miaka 30. Huyu aliamini kwamba chuo kikuu ni mahali pa fikra, na kwamba kandanda ya viingilio na kelele haina nafasi humo. Stagg alikuwa akikaribia miaka 70, umri ambao kanuni ilimtaka mwalimu astaafu. Mwaka 1932, baada ya misimu 41, aliambiwa wakati umefika. Alipewa nafasi ya heshima isiyo na kazi ya ukocha. Akaikataa. Alikuwa mzima wa afya na hakuona kwa nini akae kitini.

Alifunga mizigo na mkewe wakaenda Stockton, California, kwenye chuo kidogo kiitwacho College of the Pacific. Alianza kazi mwaka 1933. Mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 76, aliirudisha timu yake mpya Chicago, kwenye uwanja ambao ulikuwa umepewa jina lake mwenyewe, Stagg Field. Pacific walishinda 32 kwa 0. Wapo wanaoisimulia siku hiyo kama kisasi kitamu. Mimi naiona kama mzee aliyerudi kijijini akakuta nyumba yake imeezuliwa. Mwaka uliofuata Chicago walifungwa na Michigan 85 kwa 0, na mwezi Desemba 1939 chuo kikafuta kandanda kabisa.

Mwaka 1943, akiwa na miaka 81, makocha wenzake walimchagua kuwa kocha bora wa mwaka. Mwaka 1946 Pacific nao walimwambia apumzike. Akaenda jimbo la Pennsylvania kumsaidia mwanawe, Amos mdogo, aliyekuwa kocha wa chuo cha Susquehanna, akawa chini ya mtoto wake mwenyewe bila kinyongo. Afya ya Stella ilipodhoofika walirudi Stockton, naye akawafundisha vijana wa chuo cha pale namna ya kupiga mpira kwa mguu. Aliacha mwaka 1960, akiwa na miaka 98. Stella alifariki mwaka 1964, na mzee akamfuata tarehe 17 Machi 1965, akiwa na miaka 102. Ushindi wake 314 ulisimama kama rekodi mpaka mwaka 1981, ulipopitwa na Bear Bryant wa Alabama.

Ama uwanja wake, historia yake ni ya ajabu. Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya majukwaa yake ya magharibi, Enrico Fermi na wenzake waliwasha tanuri la kwanza la nyuklia duniani. Baadaye majukwaa yalibomolewa, na mwaka 1970 ikafunguliwa hapo maktaba kubwa ya chuo. Kandanda yenyewe ilirudi Chicago mwaka 1969, kwa kiasi cha wanafunzi kucheza kwa kupenda, bila biashara. Hivyo Hutchins na Stagg kila mmoja amepata haki yake, wote wakiwa wamechelewa.

KWA NINI NIMEYAANDIKA HAYA

Sasa nirudi nyumbani. Sisi wa miaka yetu tulikuwa na mwalimu wa Jiografia aliyekuwa pia mwalimu wa michezo. Sitamtaja jina, ingawa wengi mtamjua. Alichora mistari ya uwanja kwa majivu ya jikoni, akashona mipira kwa mkono wake usiku. Mwaka mmoja tulifika fainali ya wilaya bila mshambuliaji wetu, aliyekuwa mgonjwa. Tulikuwa tumempata mamluki mzuri kutoka mtaani, tukamvalisha sare ya shule. Mwalimu alimwona ndani ya basi, akamteremsha. Tulifungwa 1 kwa 0. Wiki nzima tulimpita bila kumwamkia. Mimi, beki wa kushoto, nilikuwa kinara wa mgomo huo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa afisa katika ofisi ya utumishi, faili lake lilifika mezani kwangu. Alikuwa ametimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Sheria ni sheria, na ni sheria nzuri, maana vijana nao wanahitaji kazi. Nilitia saini barua, nikairudisha masjala pamoja na mafaili mengine ya siku hiyo. Sikuongeza neno. Sikumpigia simu. Nilisema nitamtafuta mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ukapita.

Mwaka jana nilikuwa safarini kikazi, nikaona watoto wa shule ya msingi wakicheza mpira kando ya barabara, na mzee mwenye filimbi akikimbia nao kwa mwendo wake. Nilisimamisha gari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Beki wangu wa kushoto! Bado unapanda mbele ukasahau kurudi?"

Tulicheka. Kisha akaniambia, bila hasira yoyote, "Barua yako niliipata. Nilijua ni wewe kabla sijasoma jina. Mwandiko wako haujabadilika tangu Kidato cha Pili."

Nilikosa la kusema. Nilimwomba radhi kwa yule mamluki, kwa kuwa hilo ndilo nililoweza kulitamka. Lile lingine nalitamka hapa, mbele yenu.

Ndugu zangu, kustaafu kwa mtu hakumaanishi kwamba alichokuwa nacho kimekwisha. Hakuna anayetaka kuivunja sheria ya umri. Lakini chama chetu kina uwezo wa kumlipia mzee yule nauli aje shuleni Jumamosi mbili kwa mwezi, akae na vijana uwanjani, na akitaka, awachoree mistari. Kwenye mkutano wetu wa mwaka huu nitaleta hoja hiyo kwa maandishi, na nitatoa mchango wa kwanza. Wapo walimu wengine wa aina yake, wa muziki, wa karakana, wa bustani. Kila mmoja wetu ana wake, na anajua anakoishi.

Na ninyi vijana mlioko shuleni, mkimwona mzee mwenye filimbi akiingia getini, mwamkieni. Msingoje miaka 25 kama nilivyongoja mimi.